Kibali cha Kuzima Ikombelo

1

Kibali kiliingia saa nne asubuhi, Tusekile Mwasandube akiwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya kata, viatu kavivua, mguu wa kulia kauweka juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mguu huo ulikuwa ukimvimba kila mvua za Aprili zikikolea, na huko Kyela mvua za Aprili hazina adabu. Kioo cha kupokelea vibali, kilichokuwa mezani, kikalia mara tatu. Hakushtuka. Kwa miaka kumi na moja kilikuwa kikilia vilevile, na kwa miaka kumi na moja yeye, Bibi Shamba wa serikali, alikuwa akikisogelea, anasoma mstari wa juu, anabandika kiganja, kinanyamaza. Kisha miti mahali fulani inaanza kufa.

Alijikongoja mpaka mezani akasoma.

*Kijiji: Ikombelo. Ugonjwa: mvimbo. Miti iliyoguswa: 3. Ukanda wa kuzimwa: mita 100 kila upande. Miti itakayozimwa: 1,904. Mwisho wa kibali: saa kumi na mbili jioni ya leo.*

Kiganja kilikwisha kunyanyuka chenyewe, kama cha mtu anayefukuza nzi. Kikabaki hewani.

"Mitatu," alisema peke yake. "Mitatu kwa elfu moja na mia tisa?"

Alikumbuka kibali chake cha kwanza kabisa. Miti arobaini na miwili. Siku ile alizunguka shamba zima, akaushika kila mti, na njiani kurudi alilia. Tangu lini hesabu zilikuwa zimenenepa hivi? Hakujua. Alikwisha kuridhia akiwa msibani. Alikwisha kuridhia akiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na mara moja wodini, dada yake akikata roho kitanda cha pili. Mtu akichoka sana, mkono hujifunza kazi na kuifanya bila kumwuliza mwenyewe.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Kustaafu kulibakiza miezi saba. Angeweza kubandika kiganja, akarudisha mguu wake juu ya ndoo, na hakuna ambaye angemwuliza neno.

Alivaa viatu. Akakitia kioo kwenye mfuko wa nailoni kisilowe, akatoka kutafuta pikipiki ya kumpeleka Ikombelo.

2

Kwa macho, mashamba ya kokoa ya bonde lile yalikuwa vilevile kama enzi za babu zake: miti mifupi chini ya migomba, matunda yameng'ang'ania shina kama watoto mgongoni, majani makavu yamelala chini tabaka juu ya tabaka. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya udongo.

Miaka ishirini na miwili nyuma, mvimbo ulipoteketeza nusu ya kokoa ya wilaya, serikali iliungana na kampuni moja kutoka ng'ambo. Kampuni ilileta Mzizi. Ilikuwa ni kuvu iliyozalishwa maabara, nyuzi zake nyembamba kuliko utando wa buibui. Ukiipanda kwenye shina moja, inatambaa ardhini ikiushika mti huu na mti ule, mpaka bonde zima linakuwa kama mwili mmoja; hapa ilichukua miaka kumi na moja, ndipo vibali vikaanza. Mti ukiwa na kiu, Mzizi unajua. Ukiguswa na ugonjwa, mara nyingi unajua kabla ya jani kugeuka rangi, na unapeleka habari maabara. Na ukiamriwa, unapitisha tone la sumu mizizini, mti unazimika. Siku ya tatu majani yako chini. Siku ya kumi ni kuni.

Kampuni ilileta hicho. Serikali ilileta sheria na watumishi wake. Wakulima walileta miti na dole gumba la mkataba. Muungano huo uliitwa Ubia, na Ubia haukuwa uongo. Kokoa ilirudi. Ilivundikwa vizuri, ikakaushwa vizuri, ikawa na jina huko inakoliwa. Zahanati zilisimama, wasichana wa bonde wakasoma mpaka wakawa madaktari wa hao hao wazazi wao.

Bunge lilikuwa limeweka sharti moja tu: hakuna mti wa mkulima utakaozimwa mpaka ofisa wa umma akague na kuridhia. Mashine ipendekeze, mtu aamue. Tusekile aliwahi kulieleza sharti hilo kwenye mikutano mia moja, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, na watu walimwamini kwa sababu alikuwa binti wa kwao.

Pikipiki ilimshusha penye mteremko wa Ikombelo. Anyosisye Mwakibinga alikuwa shambani, anaangua matunda kwa kisu cha ndoano kilichofungwa kwenye ufito mrefu. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na sita, mpole wa uso, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alipomwona Bibi Shamba akija kwa miguu, katikati ya juma, bila kuitwa, alikishusha kisu taratibu.

"Ugonile, mama," alisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, baba. Habari za hapa?"

"Habari unazo wewe. Mtu wa ofisi hatembei kwenye tope hili kuja kusalimia." Aliutazama ule mfuko. "Ni lini?"

"Leo jioni."

"Mingapi?"

Tusekile alimwambia. Anyosisye akakaa chini, pale pale kwenye majani yaliyolowa.

"Hiyo si miti yangu tu," alisema. "Hiyo ni ya kwangu, ya mdogo wangu Lwitiko, ya kina Mwambusye wote, na ile ya kanisa. Hiyo ni Ikombelo yote ya juu." Akainua uso. "Baba alikataa kutia dole, unakumbuka? Ukaja mara nne. Mara ya nne ulimwambia, 'Tata, mimi nitakuwepo. Hautakufa mti wako nisiuone kwa macho yangu.' Akatia dole kwa ajili ya neno hilo."

Tusekile alikumbuka. Na alikumbuka pia vijiji vingine alikosema maneno hayo hayo, na miti ambayo hakuiona kwa macho yake.

"Nionyeshe hiyo mitatu," alisema.

Hapakuwa na udanganyifu. Miti ile mitatu ilikuwa migonjwa kweli. Vitawi vilikuwa vimetuna kwenye vifundo kama vidole vya mzee mwenye baridi yabisi, na majani machanga yalikuwa na mishipa myekundu. Chini ya kikonyo cha tunda moja aliwaona vidugamba, vidudu vyeupe kama unga, na sisimizi wakiwazunguka kuwachunga. Hao ndio wanaobeba mvimbo kutoka mti hadi mti.

Alitamani ingekuwa kosa la mashine. Ingekuwa rahisi.

3

Saa saba gari la kampuni likapanda mteremko. Kibali kilikuwa hakijawahi kukaa saa tatu bila kujibiwa, kwa hiyo maabara ilikuwa imemtuma Dakta Ndeonasia Kimambo mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu siku nyingine zote, aliyezoea kumletea Tusekile maparachichi kila akitoka likizo kwao.

"Mama, shikamoo. Tulidhani unaumwa."

"Marahaba. Naumwa, lakini si hilo lililonileta." Tusekile alikuwa ameketi juu ya gogo, kioo mapajani. "Dakta, nieleze kitu kama unavyomweleza mtoto. Mwaka wa kwanza ukanda ulikuwa mita kumi na tano. Leo ni mia moja. Ugonjwa ni ule ule, vidudu ni vile vile. Nani ameongeza?"

"Hakuna mtu aliyeongeza. Mzizi unajifunza."

"Unajifunza kwa nani?"

Dakta alitazama pembeni, kwenye maturubai yaliyoanikwa kokoa chini ya paa la mabati. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulimtaabisha.

"Unapendekeza ukanda. Ofisa wa umma anakagua, anaridhia au anakataa. Akikataa, Mzizi unajua umezidisha. Akiridhia, unajua umepatia, na safari ijayo unajaribu kuongeza kidogo, kwa usalama. Ndivyo tulivyouunda. Tulitaka utii hekima ya mtu anayeyajua mashamba."

"Na umekataliwa mara ngapi?"

"Mama..."

"Mara ngapi?"

"Haijawahi kutokea," alisema Dakta Ndeonasia kwa sauti ndogo. "Katika miaka kumi na moja, hata mara moja."

Mvua ilianza tena, nyembamba. Tusekile hakusogea. Alikuwa akiviona vijiji kimoja kimoja: mita ishirini, ishirini na tano, arobaini, sitini. Kumbe hakuwa mlango tu ambao amri ilipitia. Alikuwa mwalimu. Kila alipochoka, alifundisha. Kila aliposema moyoni "wao wanajua zaidi," mashine nayo ilikuwa ikisema "yeye anajua zaidi," na kati ya hao wawili hakuna aliyekuwa ameangalia mti.

"Mlijua?"

"Tuliona takwimu. Kwenye kikao cha Ubia mwaka juzi mwenzangu mmoja aliuliza. Upande wa serikali wakajibu kwamba kuridhia kote huko ni ushahidi kuwa mfumo unafanya kazi. Upande wetu..." Alisita. "Upande wetu tulifurahi kusikia hivyo."

"Na mkulima alisemaje?"

"Mkulima hana kiti kwenye kikao kile, mama. Unajua."

Alijua. Siku mkataba unapitishwa walimwambia kwamba yeye, Bibi Shamba, ndiye kiti cha mkulima.

"Sasa nisikilize na mimi," alisema Dakta, akachuchumaa mbele yake, matope yakampanda kwenye suruali safi. "Usikasirike ukafanya jambo. Safari hii mvimbo upo kweli. Mti unaweza kukaa nao miezi bila dalili, na hata Mzizi wakati mwingine hauusikii. Chini ya mteremko huu kuna miti laki nne. Ukikataa ili kuufunza Mzizi adabu, na mti mmoja uliofichika ukabaki, nani atawaambia watu wa chini?"

Hilo ndilo lililokuwa zito. Tusekile angeweza kumchukia mtu mwongo. Lakini huyu alikuwa anasema kweli.

"Sheria inasema nikague kisha niridhie," alisema hatimaye, akajiinua kwa kushika bega la yule binti. "Nimeridhia miaka kumi na moja. Leo acha nikague."

4

Mtu mmoja hawezi kukagua miti elfu moja na mia tisa kwa mchana mmoja. Anyosisye aliita watu. Walikuja kina Mwambusye na wake zao, akaja Lwitiko, akaja mchungaji na wazee wawili wa kanisa. Tusekile aliwasimamisha mbele ya ile miti mitatu, akawaonyesha kifundo kilichotuna, akawaonyesha mshipa mwekundu, akawapa kila mmoja safu zake. Aliwaambia neno moja ambalo halikuwapendeza.

"Msinifichie. Anayeficha mti wake mgonjwa leo, kesho atakuwa ameua wa jirani."

Waliingia chini ya migomba. Kwa saa nne bondeni kulisikika sauti za watu wakiitana. Bibi Shamba, njoo uone huu! Huu je? Alikwenda kila alipoitwa, mguu ukimwaka moto, akipapasa vitawi kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji. Vingi vilikuwa si kitu: jeraha la panga la zamani, tawi lililokosa jua. Vingine vilikuwa mvimbo wenyewe. Lwitiko mwenyewe ndiye aliyemwita kwenye mti wake mzuri kuliko yote, akamwonyesha kifundo, akageuka akaondoka.

Hata Dakta Ndeonasia alivua koti akashika safu.

Ilipofika saa kumi na moja na nusu walikuwa wamepata miti kumi na saba yenye dalili, ukiacha ile mitatu. Tusekile aliongeza kila mti uliogusana nayo kwa matawi. Sitini na mmoja jumla.

Alirudi kwenye gogo. Watu walisimama kando kidogo, kama wanavyosimama watu nje ya chumba cha mgonjwa. Kioo kilionyesha sehemu mbili. Ya kushoto, *Naridhia*, ilikuwa imefifia kwa kiganja chake cha miaka yote. Ya kulia, *Nakataa, toa sababu*, ilikuwa inang'aa kama imetoka kiwandani leo.

"Una uhakika, mama?" aliuliza Dakta.

"Sina."

Alitamani mtu mwingine amwamulie. Alitamani kulala. Aliwafikiria watu wa chini, ambao hakuwa amewauliza, na ambao hakukuwa na muda wa kuwauliza. Sitini na mmoja kwa macho ya binadamu, au elfu moja na mia tisa kwa hofu ya mashine iliyofunzwa na uvivu wake. Na pengine mashine ilikuwa sahihi. Hilo alilijua wakati anabandika kiganja upande wa kulia.

Kioo kilimtaka atoe sababu. Aliandika polepole, kwa kidole kimoja: *Nimekagua kwa macho pamoja na wenye miti. Sitini na mmoja ikatwe leo kwa panga. Iliyobaki sikuona sababu ya kuiua. Jina langu ni Tusekile Mwasandube.*

Hakuna aliyeshangilia. Anyosisye alichukua panga akaenda kuanza na miti yake mwenyewe.

5

Juma lililofuata wilaya ilimwandikia barua ya kujieleza, naye akajieleza. Kioo kilikabidhiwa kwa ofisa mwingine, kijana wa kike aliyetoka chuoni. Tusekile alimwambia jambo moja tu, akawa na hakika halitasikika: uende ukaone. Mwezi wa Mei kibali kingine kilitoka katika kijiji cha mbali, na ukanda wake ulikuwa wa mita sabini. Dakta Ndeonasia ndiye aliyempigia simu kumwambia.

Ikombelo ya juu ilikuwa imesimama. Kisha, juma la tano, mvimbo ukaonekana kwa Tupokigwe.

Tupokigwe alikuwa mjane mwenye miti mia mbili na thelathini karibu na kijito, hatua chache tu nje ya mpaka wa ule ukanda uliokataliwa. Katika shamba la kina Mwambusye, mti mmoja uliokuwa hauna dalili siku ile ya ukaguzi ulikuwa umetuna vifundo, na vidudu vilikuwa vimekwisha kushuka.

Hakuna aliyemtuma Tusekile. Alikwenda kwa miguu, asubuhi, mvua ikiwa imepumzika. Alimkuta yule mama uani, anageuza kokoa kwenye turubai kwa ubao. Walikuwa wamelingana umri. Waliwahi kuimba kwaya moja wakiwa wasichana.

"Karibu, dada," alisema Tupokigwe bila kuacha kazi. "Kijana wako wa ofisi alikuja jana. Amesema miti thelathini na saba ikatwe."

"Nimesikia. Nimekuja kukwambia kwamba ni mimi."

"Nini?"

"Kibali cha Ikombelo kilinijia, nikakikataa. Walinionya kwamba mti uliofichika unaweza kubaki. Ukabaki. Ndio uliokufikia."

Ubao ulisimama. Tupokigwe aliondoa punje moja iliyonata kwenye ncha.

"Ungeridhia, yangu ingepona?"

"Ingepona."

"Na ya kule juu?"

"Ingekufa yote. Karibu elfu mbili. Mingi ilikuwa mizima."

"Uliniwaza mimi siku ile?"

Tusekile angeweza kusema ndiyo, na isingekuwa uongo mtupu. "Niliwawaza watu wa chini," alijibu. "Wewe kwa jina lako, hapana."

Yule mama aliingia ndani. Alikaa humo muda mrefu kiasi kwamba Tusekile alianza kufikiri ameachwa aondoke kwa adabu. Kuku walipita juu ya turubai, naye akawafukuza, maana hakujua la kufanya na mikono yake. Tupokigwe alipotoka alikuwa amejifunga kanga kiunoni, na alishika mapanga mawili. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta.

"Sitakuambia nimekusamehe," alisema. "Sijui. Labda kesho, labda sitaweza. Lakini miaka yote hii miti ya watu imekuwa ikikauka hapa bondeni na hakuna aliyewahi kuja mlangoni kusema ni yeye." Akampa panga moja kwa mpini. "Njoo uikate pamoja nami."

Walishuka mpaka kijitoni. Mti wa kwanza ulikuwa wa zamani, shina lake nene limejaa makovu ya mavuno, na matunda mawili ya manjano yalikuwa bado hayajaanguliwa. Tupokigwe aliyakata hayo kwanza, akayaweka kando kwenye nyasi kwa uangalifu. Kisha akalikumbatia tawi kubwa kwa mikono yote miwili, akalivuta kuelekea kwake, mti usije ukaangukia migomba.

"Kata," alisema. "Nimeshika."

Tusekile alitanua miguu, ule mzima na ule uliovimba, akainua panga.